Kununua Mashine na Kulea Fundi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za nchi yetu huingia katika shauri zito. Mtoto aende wapi? Mara nyingi shauri hilo limekwisha kuamuliwa kabla halijaanza. Akipata alama nzuri, ataingia Kidato cha Tano na baadaye Chuo Kikuu, akipata alama za katikati, baba husema, "Basi tumtafutie hata ufundi." Neno hilo "hata" ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili, maana halimo vinywani mwa wazazi tu. Limo pia katika sera za nchi, katika bajeti zake, na katika namna tulivyozipokea mashine tangu tupate uhuru. Twaomba msomaji atuvumilie tukianza mbali kidogo.

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilitakiwa ifanye kazi ya hesabu za Serikali. Kwa nchi changa namna ile lilikuwa jambo la kustaajabisha. Chuo chetu Kikuu chenyewe kilikuwa kimefungua milango mwezi wa Oktoba 1961, kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba mjini Dar es Salaam. Kitivo cha uhandisi hakikuanzishwa mpaka mwaka 1973. Angalieni vema tarehe hizo. Kwa muda wa miaka 8 mtambo ulikuwapo mjini, na mahali pa kumfundishia mhandisi katika Chuo chetu Kikuu hapakuwapo; aliyetaka masomo hayo alikwenda Nairobi au ng'ambo. Kweli, Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilikuwapo tangu mwaka 1957, nacho kilifanya kazi njema ya kuwatoa mafundi, lakini kompyuta ilikuwa kitu kigeni hata kwa waalimu wao.

Basi likatukia lililokuwa halina budi kutukia. Mpango wa kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta uliharibika, fedha zikapotea, na watu walioielewa kazi ile kwa ndani walikuwa hasa wageni, ambao mikataba yao ilipokwisha walifunga mizigo wakaenda zao. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikazuiwa. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994.

Wapo vijana wa leo wanaoicheka amri ile, ati wazee waliogopa mashine. Sisi hatuicheki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Serikali ile ilikuwa imeumwa kweli. Tena iliona jambo ambalo wengi hawalioni hata sasa, yaani kwamba nchi maskini inayonunua chombo isichoweza kukitengeneza imejifunga kwa muuzaji kwa kamba ndefu. Ugonjwa uliujua. Tunalolilaumu ni dawa yake. Marufuku huzuia kununua, lakini haimfundishi mtu kitu. Miaka ile ya kungoja ingalitumika kuwalea vijana katika elimu ya mitambo, ili siku mlango utakapofunguliwa pawepo wa kusimama mlangoni. Haikuwa hivyo vya kutosha. Miaka ya 1980 masharti yakaanza kulegezwa, miaka ya 1990 mashine zikaingia kama mafuriko, na nchi ikawa na wanunuzi wengi kuliko mafundi.

Mwaka uleule wa 1974, mwezi wa Novemba, wakuu wa TANU walikutana Musoma, wakakata shauri juu ya elimu. Kati ya mambo mengine waliamua kwamba kijana asitoke shule moja kwa moja kuingia Chuo Kikuu, bali afanye kazi kwanza, ajulikane tabia yake na bidii yake. Nia ilikuwa kumzuia msomi asijione mtu wa ukoo mwingine. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba idadi ya wanawake chuoni inapungua, wakalegezewa masharti, na taratibu utaratibu mzima ukafifia. Lakini swali lililoulizwa Musoma lilikuwa jema, nalo lilikuwa limekwisha kuulizwa kwa kishindo zaidi miaka 8 kabla yake.

Wazee wataikumbuka tarehe 22 Oktoba 1966. Siku hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu watumikie taifa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Watu wamebishana mpaka leo kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Sisi twaona kwamba, kali au si kali, ilisimama juu ya hoja ya haki: aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima ana deni kwa mkulima.

Hata hivyo, tuyatazame mabishano haya yote, ya 1966 na ya 1974 na yaliyofuata. Anayezungumzwa ni mtu mmoja daima, naye ni mhitimu wa Chuo Kikuu: mshahara wake, utumishi wake, kiburi chake, deni lake. Fundi sanifu, yule aliyesoma stashahada yake akakaa kati ya mhandisi na mfua vyuma, hamna anayemtaja. Hakupunguziwa kitu kwa kuwa hakupewa kitu.

Ushahidi wa neno letu uko karibu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Imewasomesha watoto wengi wa wakulima ambao bila hiyo wasingaliliona lango la Chuo Kikuu, nasi twaishukuru, ingawa twajua jinsi makato ya asilimia 15 ya mshahara, yaliyowekwa mwaka 2016, yanavyowaumiza vijana wanaoanza maisha. Lakini kwa kawaida mikopo hiyo ilikuwa ya shahada. Mikopo kwa wanafunzi wa stashahada, katika fani zilizochaguliwa kuwa za kipaumbele, ilianza katika mwaka wa masomo wa 2023/2024. Hesabuni wenyewe: ni miaka 18. Kwa miaka hiyo yote mtoto wa maskini aliyetaka kuwa mwanasheria alikopeshwa, na ndugu yake aliyetaka kutengeneza mashine za hospitali aliambiwa, kwa matendo kama si kwa maneno, amwombe baba yake auze ng'ombe. Serikali nayo ilikuwa inasema "hata ufundi."

Na vyuo vyenyewe vimefuata mkumbo huo. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kiligeuzwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Chuo cha Ufundi cha Mbeya kilipanda ngazi kwa ngazi, na sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Hatusemi kwamba ni makosa chuo kukua. Tena vyote viwili vingali vikifundisha stashahada. Ila twauliza: mbona katika nchi yetu njia ya kukiheshimu chuo cha ufundi ni kukifanya kifanane na Chuo Kikuu? Fundi hodari hatuna namna ya kumsifu ila kumwambia arudi shule apate shahada, na akiisha kuipata tunampa meza na kiti, mikono yake isiguse mafuta tena.

Wakati huohuo mashine zinazidi kuja, na sasa ni kubwa kupita zote tulizopata kuziona. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 ya kufua umeme yenye uwezo wa megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Mwaka huohuo treni ya umeme ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha Dodoma. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa waalimu. Ni mambo ya kujivunia, nasi twajivunia. Lakini treni haiendeshwi na mhandisi peke yake. Nyuma yake wapo wa kukaza njia, wa kupima nyaya, wa kubadili vipuri usiku abiria wamelala. Na kishikwambi cha mwalimu wa kijijini, betri yake ikichoka, atakipeleka kwa nani? Akikosa wa kukitengeneza kitafungwa katika kitambaa, kiwekwe kabatini pamoja na vyeti.

Twaijua hospitali moja, hatutaitaja jina, iliyopata mashine ya picha za eksirei kwa hisani ya wafadhili. Ilifanya kazi miezi kadhaa, kisha ikanyamaza. Kifaa kilichoharibika hakikuwa kikubwa, lakini aliyeweza kukitambua alikuwa ng'ambo, na nauli yake ilikuwa kubwa kuliko bei ya kifaa. Wagonjwa wakawa wanapakiwa katika basi mpaka mji wa mkoa, wengine wamevunjika mifupa, kwa njia ya vumbi ya saa nne. Mganga alikuwapo na shahada yake, muuguzi alikuwapo, umeme ulikuwapo. Fundi wa vifaa tiba ndiye hakuwapo.

Siku hizi twasikia sana habari za akili mnemba, yaani kompyuta zinazoandika na kujibu kama mtu. Katika vyuo vikuu waalimu wanalalamika kwamba wanafunzi huzitumia kuandikiwa kazi zao, na wako wanaotaka zipigwe marufuku. Msomaji aliyefuatana nasi tangu 1974 atajua tunavyoionea shaka dawa hiyo. Mwalimu mwenye kutaka kujua kama mwanafunzi ameelewa, amwite, amketishe, amwulize kwa mdomo. Ndivyo tulivyotahiniwa sisi seminarini, na hakuna kitabu kilichoweza kutujibia. Jambo la kutushughulisha zaidi ni kwamba mashine hizi zimetengenezwa mbali, kwa lugha za mbali, na kama hatuna vijana wanaoyajua matumbo yake tutazipokea kama tulivyoipokea ile ya mwaka 1965.

Kwa sababu hiyo twaipokea kwa moyo mweupe Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, iliyoweka elimu ya lazima ya miaka 10 na kuufungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Mkondo huo ni mwema. Tunaogopa jambo moja, kwamba utafanywa kapu la kuwatupia walioshindwa. Shule ikipandishwa bendera ya amali pasipo karakana, pasipo umeme wa kutosha, na mwalimu wa kufua vyuma akiwa ni yule aliyesomea historia, watoto watamaliza miaka minne wameyaandika majina ya vifaa daftarini wasipate kuvishika. Mapadre na mabruda Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walifanya kinyume chake: waliwatia vijana karakanani kwanza, watoke na randa na mwiko mikononi, na majengo yanayosimama mpaka leo kusini mwa nchi yanaonyesha walijifunza nini. Utaratibu huo una gharama. Karakana moja yaweza kula fedha za madarasa kadhaa, kwa hiyo wizara itashawishika kujenga madarasa. Hapo wabunge wetu wanapaswa kuwa wakaidi.

Twarudi kwenu, wazazi. Hatuwaambii mkatae Chuo Kikuu. Nchi yahitaji wanasheria, waalimu, waganga na wahandisi wema, na mtoto mwenye kipaji hicho apelekwe bila kusita. Twawaomba mlifute lile neno "hata." Binti anayefungua redio mbovu akaifunga tena ikalia, asiambiwe kwamba anacheza, wala asiambiwe kwamba hiyo ni kazi ya wavulana. Na ndugu wa mke wakija kuuliza kijana anasoma nini, jibu litolewe kwa sauti ileile ambayo mngeitumia kama angekuwa anasomea udaktari.

Tena iko kazi ndogo ya kufanya mwezi huu. Shule iliyo karibu nanyi ikiita mkutano wa wazazi, na ikiwa ni ya mkondo wa amali, mwombeni mkuu wa shule awaonyeshe karakana kabla hamjaketi. Mwulizeni ina mashine ngapi, ngapi zinafanya kazi, nani anazitunza, na mwalimu wake alisomea wapi. Andikeni majibu. Kisha mpelekeeni diwani nakala moja, na nyingine mtuletee sisi hapa ofisini.