Iliki na Kivuli Chake

Ninyi mkaao Bulyaga, hapa Tukuyu, mmezoea vilima na mvua nyingi. Mwajua pia kwamba mbuni hupenda kivuli cha mgomba. Basi, mkisafiri hata Amani, katika milima ya Usambara Mashariki huko Tanga, mtaona vilima kama vyetu, ila humo hulimwa viungo: iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga.

Mwiliki ni mrefu kupita mtu, na majani yake hufanana na ya tangawizi. Lakini matunda hayako juu. Hutoka karibu na ardhi, nawe huna budi kuinama ili uyachume. Huchumwa kabla hayajaiva sana, kisha hukaushwa.

Mmea huu hutaka kivuli. Kwa hiyo watu waliupanda ndani ya msitu. Wakafyeka miti midogo, wakaacha mikubwa. Kwa miaka michache mavuno yalikuwa mema, kisha udongo ukachoka. Na miti mikubwa ilipokufa, haikuwako michanga ya kushika mahali pake. Kivuli kikatoweka, na iliki nayo.

Nasi tunao msitu wa Mlima Rungwe, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Afyekaye mche leo amefyeka kivuli cha mjukuu wake.