Zawadi Imfaayo Baba Afanyaye Kazi Nyumbani

Katika somo letu la safari hii tutajifunza namna ya kumchagulia zawadi baba ambaye ofisi yake imo ndani ya nyumba yake. Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni watu wengi huiadhimisha kama Siku ya Baba. Siku hiyo ilianzia mji wa Spokane, Marekani, mwaka 1910, kwa juhudi za mwanamke aliyeitwa Sonora Smart Dodd, aliyeona jinsi baba yake alivyowalea watoto sita baada ya mama yao kufariki. Kwetu Singida mwezi huo umekaa mahali pazuri, maana ni majira ya mavuno ya alizeti, na mtoto mwenye nia ya kumtunza baba yake huwa na senti mkononi. Lakini senti zaweza kutumika na baba asisaidike. Mara nyingi baba huyu hupewa shati, kikombe chenye maandishi na saa ya ukutani, huku akiendelea kufanya kazi amekunja mgongo juu ya stuli ya jikoni.

Lengo la somo hili ni moja: zawadi ichaguliwe kwa kuitazama kazi ya baba, wala si kwa kuitazama dirisha la duka.

1. OFISI NDANI YA NYUMBA

Kufanya kazi ya mshahara nyumbani si jambo geni kama tudhanivyo. Katika Matendo ya Mitume 18:1-3 twasoma kwamba Paulo alikaa kwa Akila na Prisila huko Korintho, akafanya kazi pamoja nao ya kushona mahema. Washonaji wetu wa cherehani wamefanya hivyo barazani miaka mingi. Kilicho kipya ni kazi ya ofisi kusafiri kwa waya na kwa mnara wa simu. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jack Nilles, aliuliza kwa nini watu wasafiri kwenda kazini iwapo kazi yenyewe yaweza kuwafuata nyumbani. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi Machi 2020, shule zilifungwa na baadhi ya ofisi zikawaruhusu watumishi wao kufanyia kazi nyumbani. Wako ambao hawakurudi tena ofisini. Basi leo mtu aweza kukaa Manyoni, Itigi au Singida mjini, akaandika hesabu za kampuni iliyoko Dar es Salaam, au akafasiri nyaraka za watu wa Nairobi ambao hajapata kuonana nao uso kwa uso.

Hapa ndipo penye tatizo. Jirani akimwona baba yuko nyumbani saa nne ya asubuhi, husema, “Yule bwana siku hizi hana kazi.” Watoto humwita kila dakika. Ndugu humtuma sokoni, kwa kuwa “yupo tu.” Baba hunyamaza, hufidia kazi yake usiku kwa taa hafifu, mgongo huuma na macho huchoka. Taarifa ikichelewa mara mbili tatu, mwajiri wake wa mbali, asiyeona mambo haya yote, hutafuta mtu mwingine. Hapo ndipo nyumba nzima hutambua kwamba ada ya shule ilikuwa ikitoka kwenye ile kompyuta. Kwa hiyo zawadi tunayoizungumzia si pambo. Yahusu afya ya baba na mkate wa nyumba.

2. TUTAZAME KABLA YA KUNUNUA

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni yule mwanamke wa Shunemu, katika 2 Wafalme 4:8-10. Alimwona Elisha akipita mara kwa mara, akaijua kazi yake, akashauriana na mumewe, ndipo wakamtengea chumba kidogo chenye kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Angalieni utaratibu wake: aliona, akashauriana, ndipo akatoa. Na vitu vile vilikuwa vichache, tena kila kimoja kilikuwa na matumizi kwa mgeni yule.

Nasi tufanye hivyo. Kwa siku tatu mtoto mmoja aangalie haya na kuyaandika katika daftari: Baba hukaa wapi afanyapo kazi? Hushika wapi anapoinuka, kiunoni au shingoni? Huisogeza kompyuta ili aone maandishi? Umeme ulikatika mara ngapi? Aliitwa mara ngapi akiwa kazini? Kurasa hizo tatu zitaonyesha zawadi gani inatakiwa kuliko muuza duka yeyote.

3. MEZA NA KITI

Baba akilalamika mgongo, tuanzie hapa. Mkoa wetu una mafundi seremala, na mbao za mninga hudumu sana. Ila zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali. Fundi asiachiwe kukisia. Apewe vipimo vya mwili wa baba.

Kiti: baba akikaa, nyayo zake zote mbili zikanyage sakafu na magoti yapinde kama pembe ya mraba. Kwa watu wengi urefu wa kiti huwa sentimita 43 hadi 45 kutoka chini. Egemeo liushike mgongo hasa sehemu ya kiunoni. Mto mdogo wa sponji uliovikwa kitenge hufaa kabisa mahali hapo, na binti wa darasa la tano aweza kuushona mwenyewe.

Meza: viwiko vyake vikiwa ubavuni, mikono ilale juu ya meza bila kuinua mabega. Hii huwa kama sentimita 72 hadi 75 kwa mtu wa kimo cha kawaida. Mtu mfupi aongezewe kibao cha kukanyagia, maana miguu ining’iniayo hufa ganzi.

Kompyuta za kubebeka zina kasoro moja ya umbo lake. Ukiiweka chini ili mikono ipate nafuu, shingo huinama. Ukiinua ili shingo ipate nafuu, mikono hupanda juu. Dawa yake ni rahisi. Fundi atengeneze kistuli cha mabaki ya mbao, ili ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho ya baba, kisha anunuliwe kibodi na kipanya vya kuweka mezani. Kwa kazi ya kila siku, tungechagua zawadi hii kabla ya kiti cha magurudumu cha bei kubwa.

4. MWANGA NA MACHO

Meza iwekwe ubavuni mwa dirisha. Dirisha likiwa nyuma ya baba, mwanga hung’aa katika kioo. Likiwa mbele yake, jua humchoma macho. Kwa usiku, taa ya mezani yenye balbu ya LED ya wati 9 hutosha, nayo imulike karatasi wala si kioo.

Baba aliyevuka miaka 40 aweza kuhitaji miwani ya kusomea. Tafadhali, miwani isinunuliwe kwa kukisia kwenye meza za barabarani. Zawadi iliyo bora ni kumpeleka hospitali apimwe macho na kumlipia miwani hiyo. Kabla ya kwenda, pimeni kwa rula umbali kutoka macho yake hadi kioo cha kompyuta, mkamwambie mpimaji. Kitabu hushikwa karibu sentimita 40, lakini kioo hukaa kama sentimita 60, na miwani ifaayo kitabu yaweza isifae kioo. Hali kadhalika, mfundisheni kanuni hii: kila dakika 20 atazame kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa muda wa sekunde 20. Mwembe wa uani watosha kwa kazi hiyo.

5. UMEME USIMKATISHE

Hapa tufanye hesabu kidogo, maana wauzaji hupenda kutuuzia kikubwa kuliko haja yetu. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Tuseme kompyuta ya baba hutumia wati 50, balbu wati 9, na kifaa cha intaneti wati 10. Jumla ni wati 69. Kwa saa 4 ni mara 4, yaani 276. Basi kazi ya jioni nzima hula robo ya uniti na kidogo tu.

Sasa tutazame betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Kumi na mbili mara mia ni 1,200. Betri ya asidi haifai kumalizwa, bali itumike nusu yake, yaani 600. Kipo na kiasi kinachopotea katika kubadili umeme. Hata hivyo betri moja kama hiyo yatosha kumvusha baba jioni ya giza na akiba ikabaki. Akiwa na paneli ya jua, pasikosekane kidhibiti chaji, na betri isiwekwe chumba cha kulala.

Familia isiyoweza gharama hiyo isivunjike moyo. Kompyuta ya kubebeka ina betri yake, na mara nyingi kinachomkatisha baba ni intaneti kuzimika. Betri ndogo ya kuchajia simu, iliyo na waya unaolingana na kifaa chake cha intaneti, yaweza kukiendesha saa kadhaa. Bando la mwezi nalo ni zawadi, tena isiyo na vumbi. Na wakati wa masika, radi zinapopiga, baba akumbushwe kuchomoa nyaya ukutani. Kifaa cha kulinda umeme hupunguza madhara ya umeme unaopanda na kushuka, lakini hakishindi radi.

6. UPEPO WETU NA VUMBI LAKE

Singida ni nchi ya upepo, na kiangazi chake kina vumbi jingi. Kitambaa cha kufunika kompyuta, brashi laini ya kusafishia kibodi, na pazia zito la dirisha ni vitu vya fedha kidogo vyenye faida ya miaka. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi, hivyo blanketi jepesi la magotini na chupa ya chai vitashukuriwa kuliko tai. Kwa baba azungumzaye na wenzake kwa kompyuta, spika za masikioni zenye kipaza sauti huzuia jogoo na watoto wasihudhurie mkutano.

7. ZAWADI ISIYOUZWA DUKANI

Twaweza kumpa baba meza ya mninga, kiti na taa, kisha tukamwita mara ishirini kabla ya adhuhuri. Hapo tumempa mbao, hatujampa ofisi. Zawadi kubwa kuliko zote ni saa zake za kazi kuheshimiwa. Familia ikae pamoja, ikubaliane saa hizo, iziandike kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Mgeni akija apokewe na mwingine, aambiwe, “Baba yuko kazini,” wala si “Baba yupo ndani.” Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa, na jirani atajifunza kutoka kwa watoto wetu.

Lakini mlango huo una pande mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Baba ambaye ofisi yake iko hatua kumi kutoka kitandani husahau mpaka huo. Naye basi atoe zawadi yake kwa nyumba: saa ya kufunga ikifika, kompyuta ifunikwe, na baba arudi kwa mkewe na watoto wake.

8. NAMNA YA KUTOA

Watoto wachangishane. Vikombe vitano vya watoto watano ni thamani ya kiti kilichopotea. Mkubwa atunze fedha na risiti, na mdogo asiye na kitu apewe kazi ya kusugua mbao au kushona mto, ili naye awe ametoa. Kitu cha kupimwa mwilini kisifanywe siri. Ni afadhali baba ajue mapema kuliko kushangilia kiti kisichomwenea. Tena mama aulizwe, maana yeye ndiye ajuaye usiku gani baba hakulala kwa maumivu. Na zawadi ikikabidhiwa, mzee asiambiwe kwamba amezeeka, bali aambiwe kwamba kazi yake imeonekana.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Mwanamke wa Shunemu alifanya mambo gani kabla ya kutoa zawadi yake? Sisi huruka lipi kati ya hayo?

2. Pima kiti na meza anayotumia baba. Je, nyayo zake zinakanyaga sakafu?

3. Kompyuta ya wati 65 na balbu ya wati 9 zikitumika saa 5, ni sehemu gani ya uniti ya LUKU?

4. Katika nyumba yenu, ni nani mwingine afanyaye kazi nyumbani bila kuhesabiwa kwamba yuko kazini? Je, mama mshonaji, au dada auzaye bidhaa kwa simu, naye ana kiti, taa na saa zake?