Somo la Kumi na Moja: KU ya Vitenzi vya Silabi Moja

Soma kifungu hiki kwa sauti, ukiangalia kila mahali kitenzi kula kinapotokea.

Jioni moja mwanachuo alifika kwenye kibanda cha rolex huko Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Alilipa shilingi elfu mbili, akaketi. Muuzaji, mzaliwa wa Busia, alipiga mayai mawili pamoja na kitunguu, nyanya na kabichi, akayakaanga, akayalaza juu ya chapati na kuiviringisha. Mwanachuo alikuwa hajaigusa sahani simu yake ilipolia, akasogea kando kuepuka kelele za bodaboda. Aliporudi, muuzaji alikuwa ameishika sahani ile.

— Dada, umekula?

— Sikula, kaka.

Muuzaji akampa rolex hiyo mteja mwingine, naye akaila papo hapo.

— Kaka, si nimekuambia sikula?

— Ndiyo maana nikampa mwenzio. Ungesema hujala, ningekuwekea.

Maelezo

Rolex ya Kampala haina uhusiano na saa. Jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, na mji huu unaionea fahari kama Napoli, kule Italia, unavyoionea fahari pizza. Kisarufi imo katika ngeli ya I-ZI: rolex hii, rolex hizi, ndiyo sababu ya akaila.

Shina la kula ni -la, silabi moja tu. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika *nilila (nyota huonyesha umbo lisilo sahihi) ungeangukia -li-, kiambishi kisichoweza kuubeba. KU huingia kuupokea: nilikula. Ndivyo ilivyo kwa -na-, -ta-, -me- na -nge-, na kwa virejeshi pia: aliyekula. Viambishi -ki-, -ka-, -ja- na hu- hujitosheleza: nikila, nikala, sijala, hula. Kadhalika viambishi vya mtendwa: ameila.

Je, ku ya sikula ni ipi? Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Weka kitenzi soma mahali pa kula. Nilikula huwa nilisoma: ku imetoweka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuubeba mkazo tu. Sikula huwa sikusoma: ku imebaki, kwa kuwa ni kiambishi cha ukanushi wa wakati uliopita. Sikula hulifunga jambo. Sijala huliacha wazi, kwamba kula kungali kunatarajiwa. Mwanachuo wetu alilifunga jambo huku njaa ikimuuma.

Mwanafunzi anayezungumza Kiganda huifahamu tofauti hii tangu utotoni, maana kwao sinnaba kulya ni sijala. Anzia hapo. Kinachomtatiza ni umbo: okulya hupoteza oku- na kuwa ndya, naye huihamishia kawaida hiyo katika Kiswahili, akasema *nilila. Akisahihishwa mara mbili tatu, huanza kuipachika KU kila mahali na kusema *sijakula. Umbo hili utalisikia hata kwa wazungumzaji hodari. Katika mazungumzo usimkatize mwanafunzi kwa ajili yake, kwa kuwa maana haijapotea. Lisahihishe katika maandishi. Lakini sikula badala ya sijala lisahihishwe papo hapo.

Zoezi

1. Kanusha kwa njia mbili, kisha ueleze tofauti ya maana: Wamekunywa chai.

2. Tia kiambishi cha mtendwa, ukieleza kwa nini KU hudondoka: Tulikula chapati zote.

3. Kwa kutumia kitenzi soma, pambanua ku ya hatukula na ku ya hatutakula.

4. Andika upya mazungumzo ya kibandani ili mwanachuo aipate rolex yake. Yaigizeni wawili wawili mbele ya darasa.