Soma Kabla ya Kukubali: Kusakinisha Programu kwa Amri katika Ubuntu na Debian

Anayehamia Ubuntu au Debian kutoka Windows huja na mazoea yake: akitaka programu, anafungua kivinjari, anatafuta tovuti, anapakua faili na kubofya. Huku mazoea hayo hayahitajiki. Maelfu ya programu yamekwisha kukusanywa katika hazina za mfumo wenyewe na kulindwa kwa saini za kidijitali. Amri iitwayo apt ndiyo inayozileta, kuhakiki saini na kuweka kila kitu mahali pake. Debian ilianza kutoka na apt mwaka 1999, na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian mwaka 2004, inaitumia hadi leo.

Tuchukue mfano utakaotufaa sisi tunaoandika Kiswahili. Ukiandika barua katika LibreOffice, kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu, au makosa yanapita bila kuonekana. Dawa yake ni kifurushi cha hunspell-sw, ambacho ni orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kukagua tahajia. Fungua terminali (katika Ubuntu, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja), kisha andika:

sudo apt update

Amri hii haigusi programu yoyote uliyo nayo. Inaleta tu orodha mpya ya vilivyomo katika hazina. Ukiiruka, kompyuta inaweza kwenda kutafuta toleo la zamani lililokwisha kuondolewa kwenye seva, ukaambiwa faili halipo. Neno sudo linakupa mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo utaulizwa nywila. Usishangae kama hakuna herufi itakayoonekana unapoiandika. Andika tu na ubonyeze Enter. Sasa tafuta, uangalie maelezo, kisha usakinishe:

apt search swahili
apt show hunspell-sw
sudo apt install hunspell-sw

Mbili za kwanza hazihitaji sudo kwa sababu hazibadilishi kitu. Ukimaliza, funga LibreOffice, uifungue tena, na uchague Kiswahili kuwa lugha ya waraka.

Hapo kati kuna hatua ambayo watu wengi huipita mbio, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Kama kazi inahusisha vifurushi zaidi ya kile ulichokitaja, apt husimama na kukupa muhtasari: vifurushi gani vitaongezwa, vipi vitaondolewa, utapakua megabaiti ngapi, na diski itajaa kwa kiasi gani. Kisha inauliza kama uendelee kwa kuonyesha [Y/n], na ile Y ya herufi kubwa maana yake ni kwamba Enter peke yake inahesabiwa kuwa ndiyo. Usiibonyeze kwa mazoea. Tafuta kwanza neno REMOVED, au REMOVING katika matoleo mapya ya apt. Ikiwa uliomba kuongeza programu na apt inataka kuondoa nyingine usizozitaja, jibu n, kisha uchunguze sababu.

Mwaka 2021 jambo hili lilionekana na watazamaji wengi. Linus Sebastian, mtangazaji wa Kanada anayejulikana kwa video za kompyuta, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo ya kompyuta, katika Pop!_OS, mfumo uliotokana na Ubuntu. Vifurushi viligongana, na apt ikaonya kwamba itaondoa sehemu za lazima za mfumo. Ilimtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha kwamba ndivyo anavyotaka. Aliiandika, na mazingira yote ya madirisha yakatoweka. Kosa la msingi lilikuwa katika kifurushi, lakini onyo lilikuwepo kwenye skrini.

Muhtasari huo pia unalinda bando lako. Ukiona megabaiti ni nyingi mno, jibu n, kisha urudie amri ukiongeza --no-install-recommends; vifurushi vinavyopendekezwa tu bila kuwa vya lazima vitaachwa. Mtandao ukikatika katikati, rudia amri ileile, nayo huendelea pale ilipoishia. Na kama unahudumia maabara ya shule yenye kompyuta za toleo moja, huna sababu ya kupakua kitu kilekile kwa kila mashine. Katika moja, kabla hujasakinisha, tumia sudo apt-get install --download-only pamoja na jina la kifurushi. Mafaili yenye mwisho wa .deb yatabaki ndani ya /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi, nenda nayo kwenye mashine nyingine, ingia katika folda yenye mafaili hayo na uandike:

sudo apt install ./*.deb

Kusasisha programu zote ni sudo apt upgrade, baada ya update. Kuondoa kuna namna mbili: remove huacha mafaili ya mipangilio ya mfumo, purge huyafuta pia. Vitegemezi, yaani vifurushi vilivyoletwa kwa sababu programu nyingine ilivihitaji, vikibaki bila mwenyewe huondolewa na sudo apt autoremove. Na hapo pia, soma orodha kabla ya kukubali.

Umeme ukikatika wakati kazi inaendelea, usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Washa mashine na utoe amri hizi mbili kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Mara nyingi hutosha. Ukiambiwa kwamba kuna kufuli linaloshikiliwa na programu nyingine, subiri. Mara nyingi ni Ubuntu yenyewe inayojisasisha kimyakimya. Ushauri wa kufuta faili la kufuli umezagaa sana, nao ni mbaya: programu mbili zikiandika katika kumbukumbu za vifurushi kwa wakati mmoja, zinaweza kuziharibu.

Jihadhari pia na maelekezo yanayokutaka uongeze hazina ya mtu usiyemjua, au unakili mstari mrefu wenye sudo bila kuuelewa. Kifurushi anachokupa mtu huyo unakisakinisha kwa mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo umemkabidhi kompyuta yote. Anza daima na hazina rasmi, na utoke nje yake pale tu kitu unachokihitaji hakimo kabisa.

Siku utakapokwama na kuomba msaada, usiseme tu kwamba kompyuta imegoma. Fungua /var/log/apt/history.log, ambamo apt huandika tarehe, amri iliyotolewa na vifurushi vilivyoguswa, unakili sehemu ya siku hiyo na kumpelekea anayekusaidia pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyo.