Magari Mawili ya Rika Moja: Maelezo kwa Mnunuzi wa Fowili Iliyotumika, Mwadui na Nchi ya Dhahabu

Kijitabu hiki kimekusudiwa mwananchi wa Mwadui, Maganzo, Mhunze, Kahama au Geita ambaye, baada ya kudunduliza akiba yake kwa miaka, ama kwa pamba na ng'ombe, ama kwa leseni ndogo ya uchimbaji, ameazimia kununua gari lililokwisha kutumika lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na ambaye aghalabu, akishawazunguka madalali wote, hubakiwa na magari mawili ya kuchagua, yenye umri mmoja, moja likiwa Toyota Land Cruiser na la pili Land Rover Defender. Ushabiki wa kulisifu hili na kulitweza lile umejaa tele vijiweni mwa madereva, nasi hatutauongeza. Tutaeleza yale yanayopimika kwa jicho, kwa sikio na kwa kalamu, kisha hatutaona haya kusema sisi tungechukua lipi.

Na tuchukue magari mawili ya mwaka 2006: Land Cruiser hardtop ya namba HZJ78, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, na Defender 110 yenye injini ya Td5, silinda 5 na ujazo wa lita 2.5. Yote mawili yana nasaba ya zamani. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, miaka minane tu baada ya mjiolojia Williamson kuvumbua almasi hapa Mwadui, na Toyota ilitoa gari lake la kwanza la namna hii mwaka 1951. Defender hiyo ya asili iliacha kutengenezwa Januari 2016, ilhali Land Cruiser za jamii ya 70 zimeendelea kutoka kiwandani baada ya hapo, na jambo hilo lina uzito wake siku mnunuzi atakapokwenda dukani kutafuta spea.

Ardhi na majira

Kabla ya kulitazama gari, mnunuzi na aitazame ardhi atakayolipitisha. Mbuga za Kishapu zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua zikishashika, tangu Novemba hadi Aprili, hugeuka tope zito linalojibandika kwenye tairi mpaka kashata zote zikazibwa, gurudumu likabaki laini na kuzunguka bure pale pale. Upande wa Geita, kwenda Nyarugusu na Lwamgasa, ardhi ni ya vilima na changarawe nyekundu. Huko tope si adui mkubwa kama vumbi, na vumbi haliui gari kwa siku moja, bali hulila taratibu kutoka ndani. Asiyekwenda kokote ila kwa lami ya Shinyanga hadi Mwanza hana haja ya gari lolote kati ya haya mawili. Anunue gari dogo, na tofauti ya bei asomeshee watoto wake.

Namna yanavyovuta

Land Cruiser hii kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na ya mbele huunganishwa dereva anapotaka. Katika magari mengi ya umri huu inambidi kwanza ashuke, azungushe kwa mkono loki zilizo kwenye haba za magurudumu ya mbele. Dereva mvivu hungoja mpaka akishanasa, ndipo azitafute loki hizo kwa vidole ndani ya tope; mwenye tadbiri huzifunga angali kwenye ardhi kavu, kabla hajaingia mbugani. Defender, kinyume chake, huvuta kwa magurudumu yote manne daima, kwa kuwa baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma iko difu ya tatu inayogawa nguvu. Lakini gurudumu moja likishaanza kuteleza nguvu yote hukimbilia huko, mpaka dereva aifunge difu hiyo ya kati. Gari lolote kati ya hayo likiachwa limefungwa hivyo kwenye lami kavu, giaboksi na ekseli hujikaza zikaumia, na si ajabu kukuta gari zuri la sura ambalo mwenye nalo wa kwanza aliliendesha miezi mingi kwa ujinga huo.

Kwa hiyo mnunuzi asiridhike kuambiwa kuwa fowili inafanya kazi. Aombe iingizwe mbele ya macho yake, na gia ya polepole vilevile, kisha gari litembezwe mchangani au kwenye tope, maana gia isiyoguswa kwa miaka hushikamana, na huenda hata muuzaji mwenyewe hana habari.

Ama kuhusu mzigo, Land Cruiser ina springi za koili mbele na springi za mabamba nyuma, na hizo za nyuma huvumilia magunia ya mawe ya kupeleka karashani bila kulalamika, ingawa abiria wa viti vya nyuma, gari likiwa tupu, atarushwa kama punje katika ungo. Defender ina koili pande zote nne, hulala vizuri barabarani, nayo haimchoshi sana mtu anayesafiri mchana kutwa.

Injini, mafuta na mkono wa fundi

Hapa ndipo magari haya mawili yanapoachana kabisa. Injini ya 1HZ haina tabo wala kompyuta ya kuongoza mafuta. Pampu yake ya dizeli ni ya chuma na gia tupu, na fundi yeyote wa Kahama aliyefundishwa kazi na fundi mwenzake huweza kuifungua na kuifunga. Haina mbio, na hunywa mafuta. Tuseme Land Cruiser huenda kilomita 8 kwa lita na Defender kilomita 10: kwa mwendo wa kilomita 20,000 kwa mwaka, ya kwanza itakunywa lita 2,500 na ya pili lita 2,000, na hizo lita 500 zinazozidi, akizizidisha kwa bei ya pampuni, mnunuzi atapata hesabu halisi ya gharama ya utulivu wa moyo wake.

Injini ya Td5 ni ya maarifa zaidi. Nozeli zake huongozwa kwa umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua kila silinda ipate mafuta kiasi gani. Ikiwa nzima ina nguvu za kupendeza na uchache wa kula, lakini ikiugua haikubali kutibiwa kwa kubahatisha, bali hutaka chombo cha kusomea hitilafu na mtu ajuaye kukisoma. Iko ila moja mashuhuri ambayo mnunuzi anaweza kuikagua mwenyewe: oili hupenya ndani ya nyaya za nozeli, ikatambaa taratibu kwa kufuata nyaya hizo mpaka ikafika kwenye plagi ya kompyuta. Plagi hiyo ichomolewe. Ikiwa na oili, bei na ishuke. Anayeogopa umeme wote huu atafute Defender ya injini iliyotangulia, 300Tdi, ambayo haina kompyuta, lakini ajue kuwa aghalabu gari hilo litakuwa limezidi umri.

Kuna jambo la mafuta yenyewe. Zamani dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa balaa la nchi nzima, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike. Hata hivyo machimboni dizeli bado huuzwa katika madumu yaliyokaa juani na kuingia maji na vumbi, na mafuta ya namna hiyo hayampi mwenye nozeli za umeme nafasi ya kukosea mara mbili, ilhali 1HZ hukohoa, ikasafishwa chujio, ikaendelea na safari.

Isidhaniwe kuwa 1HZ haina aibu zake. Ikichemshwa, silinda hedi hupasuka, na hedi iliyopasuka hufichwa kwa rejeta mpya na maneno matamu. Kwa hiyo rejeta inayong'aa katika gari lililochakaa ni ya kuulizwa maswali. Mkanda wa taimingi nao, ambao tunashauri ubadilishwe kila kilomita 100,000, una taa yake kwenye dashibodi, na wapo watu wanaoizima taa wasiubadili mkanda. Mkanda huo ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na akiba ya pamba ya mwaka mzima huishia hapo.

La mwisho katika mlango huu ni fundi. Arusha, kwa sababu ya biashara ya watalii, mafundi hodari wa Land Rover ni wengi. Katika mikoa yetu mafundi na maduka ya spea yameelekea zaidi kwenye Toyota, kwa kuwa migodi na miradi ilinunua Toyota. Mwenye Defender asiyemjua kwa sura na kwa jina fundi wa Land Rover aliye umbali wa safari ya siku moja, hana gari, ana deni.

Gari lililoishi mgodini

Migodi mikubwa ya ukanda huu, ukiwamo wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, hutumia magari haya kwa wingi, kisha yakizeeka huuzwa kwa mnada au kwa zabuni, na Land Cruiser nyingi zinazotembezwa na madalali wa Kahama na Katoro ni za asili hiyo. Bei yake huvutia, na kipimo cha kilomita huvutia zaidi, nacho chaweza kuwa kinasema kweli tupu, na bado mnunuzi akahadaika. Gari la msimamizi wa zamu hukaa likiunguruma bila kwenda popote, kwa ajili ya kiyoyozi mchana na taa usiku. Likiunguruma hivyo saa 4 kwa siku, siku 300 za mwaka, ni saa 1,200. Na mtu akihesabu mwendo wa kilomita 40 kwa saa, injini imefanya kazi ya kilomita 48,000 ambazo kipimo hakikuziandika. Fanya hesabu hiyo kwa miaka mitano, utaona kwa nini gari la kilomita 90,000 linatoa moshi wa bluu.

Linalofuata ni vumbi la mawe yaliyosagwa, lenye chembe kali kuliko vumbi la barabara. Fungua boksi la chujio la hewa, lakini usilitazame chujio, kwa maana huenda limebadilishwa jana. Ingiza kidole ndani ya bomba lililo baada ya chujio, upande wa kuelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, injini hiyo imekula mchanga, na hakuna bei ya kuilipa. Kisha injini ikiwa inaunguruma fungua mfuniko wa oili: mvuke mwepesi ni wa kawaida, moshi unaosukuma kwa mapigo si wa kawaida. Haya yote yafanywe asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi aguse boneti kabla ya salamu kwisha, na akiikuta ya moto aseme atarudi kesho, kwa kuwa kuna kitu muuzaji hakutaka kionekane wakati wa kuwasha.

Gari lililoshushwa chini ya ardhi lina alama zake pia. Chasisi huliwa na maji ya shimoni, breki huisha upesi kwa kuteremka mteremko mrefu kila zamu, na bodi hupigwa rangi mpya juu ya mikwaruzo ya kuta za mwamba. Lala chini, ukiwa na tochi na nyundo ndogo, ugonge chasisi taratibu toka mbele hadi nyuma, na sauti ikibadilika simama hapo. Kwa Defender, bodi yake ya alumini haipati kutu nyekundu, lakini chasisi yake ni chuma, na ile iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku imepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Uanze kugonga nyuma kabisa, maana ndiko kuozako kwanza.

Shauri letu

Kwa mkazi wa Mwadui abebaye mzigo, apitaye mbugani wakati wa masika na kutegemea fundi wa karibu, tunashauri Land Cruiser pasina kusitasita, hata ikizidi bei, kwa sharti kwamba imeshinda mtihani wa kidole na wa nyundo. Defender nzima, iliyotunzwa na mtu mmoja mwenye daftari la matengenezo, ni bora mara kumi kuliko Land Cruiser iliyokwisha mgodini, na kwa kuwa huku aghalabu huuzwa kwa bei ya chini, yafaa kwa msafiri wa mzigo mwepesi aliye na fundi wake. Yeyote atakayechagua, asimalize fedha zote katika ununuzi. Abakize angalau moja ya tano ya bei kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza.

Karatasi

Magari mengi ya migodi na ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo ni wa aliyepewa, hauhami pamoja na gari. Likiuzwa kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi iliyosamehewa hudaiwa, na ikiwa haikulipwa, gari laweza kukamatwa likiwa mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na za kwenye kadi, herufi kwa herufi, mbele ya fundi wako na si fundi wa muuzaji. Madeni ya faini za barabarani yaulizwe. Mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa. Kisha muuzaji na mnunuzi waende pamoja ofisi ya TRA, kila mmoja na namba yake ya mlipakodi, waulize kama gari linadaiwa, na fedha zisitoke mkononi mwa mnunuzi kabla jibu la ofisi hiyo halijapatikana kwa maandishi.