Kazi ya Mwanafunzi Ujerumani: Anza Kuitafuta Ukiwa Songea

Vijana wa hapa Songea wakinijia kuulizia masomo ya Ujerumani, hawachelewi kufika kwenye swali lenyewe: "Kaka, vibarua vinapatikana kule?" Vinapatikana. Ila anayeondoka akitegemea kibarua kimlipie chumba na chakula tangu mwezi wa kwanza atateseka, na simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Piga hesabu kwanza. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, na hapo familia nyingi hudhani mzigo umeisha. Ili upate viza, kama huna ufadhili, kwa kawaida unatakiwa uweke benki euro 11,904 za mwaka mzima, yaani zaidi ya shilingi milioni 30, kwenye akaunti inayokuruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Sasa geukia kipato: kazi ndogo wanazofanya wanafunzi wengi, zile ziitwazo Minijob, mwaka 2025 zilikuwa na kikomo cha euro 556 kwa mwezi. Toa mwenyewe uone pengo. Usikubali baba auze shamba kwa matumaini kwamba utalirudisha kwa kubeba maboksi.

Kinachowakwamisha wengi ni lugha. Chuo kinaweza kukufundisha kwa Kiingereza, lakini mwenye mgahawa anaajiri kwa Kijerumani. Nilipokuwa Würzburg niliomba kazi kwenye duka la mikate. Mama mwenye duka aliniuliza kama naweza kupokea oda ya keki kwa simu. Nikasita, naye akanirudishia wasifu wangu kwa upole. Baadaye nikapata kazi ya kuosha vyombo mgahawani, na hata huko lugha inakufuata. Mpishi akisema sufuria ni ya moto, au kuna kisu ndani ya maji ya povu, anasema mara moja, upesi, kwa lafudhi ya huko, na wewe uso umejaa mvuke wa mashine. Usipoelewa, unaumia.

Kwa hiyo jifunze Kijerumani kabla ya kupanda basi, angalau ufike kiwango cha kati, yaani B1. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam. Na sisi wa Songea tuna Peramiho, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1898. Ukimfahamu mtu wa kule anayekizungumza, mwombe akusikilize.

Ukishafika, jiandikishe makazi ndani ya wiki mbili. Namba ya kodi, ambayo mwajiri ataitaka, inakuja kwa posta mpaka nyumbani, kwa hiyo bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyo hiyo unayoingia. Sisi tuliozoea S.L.P. hatulifikirii hili kabisa, na barua isiyoona jina inarudi ilikotoka. Kazi ya kushika chakula inahitaji cheti cha maelekezo ya usafi kutoka idara ya afya. Usikichukue mapema mno, maana kazi yako ya kwanza inatakiwa ianze kabla cheti hakijapita miezi mitatu.

Sheria nayo uijue. Tangu Machi 2024, mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi za usaidizi chuoni, kama maktaba, maabara au kusahihisha mazoezi, hazihesabiwi humo, na kwangu mimi ndizo bora kuliko zote. Usingoje tangazo, mwandikie mhadhiri mwenyewe. Kazi za kujiajiri, kama kusambaza chakula kwa baiskeli bila mkataba wa ajira, ziache mpaka idara ya wageni ikupe ruhusa. Na bosi anayetaka kukulipa mkononi bila maandishi, achana naye hata kama una njaa, kwa sababu ukidhulumiwa huna pa kushika, na kibali chako cha ukaazi kinaweza kuingia matatani.

Mdogo wangu, kama pesa ya mwaka wa kwanza haijatimia, ahirisha safari. Tumia mwaka huo kusoma lugha na kuomba ufadhili, ukiwemo wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Chuo utaomba tena mwakani.