Kubadilisha Mataruma ya Mbao: Mwongozo kwa Wanaojitolea kwenye Reli za Kihistoria

Mwongozo huu umeandikwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Uingereza ambao wamejiunga, au wanataka kujiunga, na magenge ya kujitolea yanayotunza reli za kihistoria. Unaeleza utaratibu wa jumla. Kila reli ina kanuni zake, na palipo na tofauti, kanuni za reli husika na amri ya kiongozi wa genge ndizo zinazofuatwa.

Kwa nini taruma

Reli ya Talyllyn, huko Wales, ilijengwa miaka ya 1860 kusafirisha mawe ya sleti. Ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Walipoanza kuendesha treni zao Mei 1951, walikuta mataruma yameoza, na mahali pengi ni majani na udongo tu vilivyozizuia reli zisiachane. Injini na mabehewa huvutia macho ya wageni, lakini uhai wa njia umo chini yake.

Taruma lina kazi tatu: kushika upana wa njia, kusambaza uzito wa treni kwenye kokoto, na kushikilia skrubu au misumari ya reli. Likishindwa hata moja, limekwisha. Aliyekulia karibu na reli za zamani za Afrika Mashariki huenda amezoea mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayawezi. Hapa adui wa mbao ni maji na kuvu.

1. Kabla ya kukanyaga njia

- Usiingie njiani mpaka kiongozi athibitishe kuwa njia imefungwa na kutaja mipaka ya eneo la kazi. Njia iliyofungwa kwa abiria bado inaweza kupitisha treni ya vifaa.
- Vaa buti zenye chuma vidoleni, glavu, na kizibao kinachoakisi mwanga. Vaa miwani ya kinga unapopiga nyundo au kutoboa.
- Pombe hairuhusiwi, wala dawa zinazoleta usingizi.
- Mataruma mengi ya zamani yamelowekwa kreosoti. Dawa hiyo huunguza ngozi, na jua huzidisha madhara. Funika mikono, nawa kabla ya kula, na usichome vipande vyake moto.

2. Kuchagua la kutoa

Taruma linaweza kuonekana zima juu huku ndani ni unga. Ligonge kwa nyundo: mbao nzima hulia kwa mlio mkavu, iliyooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Lichome kwa chuma chenye ncha. Jaribu skrubu: ikizunguka bila kukaza, mbao imekwisha. Angalia pia mipasuko inayopita kwenye matundu ya skrubu.

Usihesabu mabovu tu, tazama yalivyokaa. Taruma moja bovu kati ya mazima linaweza kusubiri. Mabovu yaliyofuatana, au yaliyo kwenye kona na karibu na viungio vya reli, yatangulie. Yatie alama ya rangi na kuyaandika kwenye daftari.

3. Kutoa la zamani

Usitoe mataruma mawili yanayopakana kwa wakati mmoja. Toa moja, weka jipya, lishindilie, kisha nenda kwa lingine.

Chimbua kokoto upande mmoja wa taruma mpaka chini kidogo ya kina chake, na ufungue njia ya kulitolea ubavuni. Fungua skrubu. Inua reli kwa jeki kiasi cha kuliachia tu, kwa maana ukizidisha, kokoto hutumbukia chini ya mataruma ya jirani na njia hubaki na nundu. Vidole visipite kamwe chini ya reli iliyoinuliwa.

Taruma la njia ya milimita 1,435 huwa na urefu wa takriban mita 2.6, na likiloa huwa zito mno kwa mtu mmoja. Tumieni koleo za kubebea mataruma, watu wakigawana pande zote mbili, na mmoja tu ndiye atoe amri ya kuinua na kushusha.

Siku ya joto kali, kiongozi anaweza kuahirisha kazi. Reli hutanuka, na kokoto zilizochimbuliwa haziwezi kuzizuia zisipinde.

4. Kuweka jipya

Liingize likae mraba na reli, kwa nafasi sawa na majirani zake. Toboa tundu kabla ya kufunga skrubu, na skrubu ikazwe kwa spana. Ukiipiga nyundo unachana mbao itakayotakiwa kuishika kwa miaka mingi.

Funga kwanza upande wa reli iliyonyooshwa, ambayo ndiyo msingi wa kipimo. Kisha weka kipimo cha upana, sogeza reli ya pili mpaka iguse, ndipo ukaze. Pima tena baada ya kukaza, hapo na kwenye mataruma ya jirani.

5. Kushindilia

Wageni wengi hudhani kazi imeisha taruma linapofungwa. Hapa ndipo inapoanza. Kokoto zishindiliwe chini ya kila reli, ndani na nje, watu wawili wakipiga kwa kuelekeana ili zisikimbilie upande wa pili. Katikati ya taruma pasishindiliwe kwa nguvu: likibebwa katikati, hupinda kila gurudumu linapopita na hatimaye huvunjika.

Rudisha kokoto safi kati ya mataruma na kwenye ncha zake. Kokoto zilizojaa tope hushika maji, na taruma jipya litaoza kabla ya wakati wake.

6. Kukabidhi njia

- Hesabu vifaa vyote. Mtaimbo uliosahauliwa kwenye reli ni ajali inayosubiri.
- Pima upana na usawa wa reli mbili, na uandike vipimo.
- Ondoa mbao kuukuu zote. Zenye kreosoti hazifai bustanini wala viwanja vya watoto. Hutupwa kwa utaratibu wa taka hatari.
- Kiongozi pekee ndiye atangaze njia kufunguliwa.
- Baada ya treni kadhaa kupita, rudi ukaze skrubu na kushindilia palipotitia.

Treni nyingi za reli hizi hazizidi maili 25 kwa saa, sawa na kilomita 40. Mwendo huo mdogo usimpe mtu kisingizio: njia iliyotanuka huangusha hata treni ya mwendo wa polepole. Kwa hiyo genge lisipimwe kwa idadi ya mataruma liliyobadilisha kwa siku. Matano yaliyoshindiliwa na kupimwa vizuri ni bora kuliko kumi yaliyofungwa na kuachwa.